Namba Saba wa Kipindi cha Kwanza

Tuliza wangu,

Nianze na lile baya, maana ungekuwa hai ungenibana mpaka niliseme. Siku redio iliposoma jina lako, sikulia. Nilikukasirikia.

Matanga yako yalikuwa yameondolewa siku nne tu kabla ya hapo. Mama yako alikuwa amegawa nguo zako kama desturi inavyotaka: kitenge cha bluu kwa shangazi, sweta kwa mdogo wako, na jezi yako namba saba akanitandikia mimi mabegani mbele ya watu wote. Jioni hiyo tulikuwa dukani kwa Papa Kasereka, yule Mnande muuza mabati na misumari, kwa sababu hapa Mweso redio yake ndiyo inayoshika vizuri. Mtangazaji akaanza kuwasoma wasichana walioitwa timu ya taifa kwa mashindano ya kirafiki. Akasoma makipa, akasoma mabeki. Kisha akasema: Tuliza Bauma, wa Mweso.

 Mama yako akajiziba mdomo kwa mkono. Na mimi, rafiki yako wa kula sahani moja, nikawaza: hata amekufa bado ananichukulia nafasi.

Unajua kwa nini. Timu yetu ina jezi kumi na moja, basi. Anayetoka anavua, anayeingia anavaa ile ile na jasho lake. Siku ile ya Kitshanga, yule mteuzi wa timu ya taifa alipokuja kuwatazama wasichana wa Masisi, wewe ulianza na mimi nilikuwa benchi. Mapumzikoni goti lako likavimba, ukanivalisha namba saba ikiwa imelowa, ukanipiga kibao cha mgongoni. Nikafunga mabao mawili. Lakini kwenye karatasi ya kochi, namba saba ilikuwa Tuliza. Wewe mwenyewe tukiwa njiani kurudi ulicheka ukasema: "Bakiita namba saba, njo wewe banaita. Mimi nitakuja kukubebea viatu." Wiki tatu baadaye ukaenda shambani kuchuma sombe kwenye mihogo yenu, risasi zikaanza kupigwa kule kilimani, na moja yao ikakukuta. Haikuwa yako. Hakuna aliyekuwa anakulenga. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Basi watu wote wa Mweso walijua redio ilikuwa imeniita mimi kwa jina lako. Walioitwa walitakiwa Goma Jumatatu kwa mchujo wa mwisho, na Alhamisi ndege ya kwenda Kinshasa. Kochi Inosa alijaribu kupiga simu, mtandao ulikuwa umekufa tangu mapigano. Akakuna kichwa, akasema: "Wende tu hivyo. Liste ikishasomwa mu radio haibadilikake." Akaniandikia karatasi ya safari kwa jina lako. Mama yako naye akanifungulia kitambaa chake, akatoa karte yako ya uchaguzi, kitambulisho chetu cha kila mahali. Unakumbuka ile picha? Umenuna kama mtu aliyenyimwa ugali. Ndiyo picha pekee aliyo nayo. Akaniambia: "Kamata. Jina ya mutoto wangu isifie humu ndani. Wakicheza, nitakuwa naisikia mu radio."

Ungefanya nini, wewe? Nilichukua. Yangu pia sikuiacha. Niliisokomeza ndani ya kiatu cha kuchezea mpira. Hapo ndipo nilipofanya ujinga, maana kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mwenye karte mbili barabarani anaitwa mpelelezi.

Nilipanda lori la Papa Kasereka, juu ya magunia ya maharagwe. Baada ya Kitshanga tukasimamishwa mara moja, mara mbili, tukapita. Kwenye kizuizi cha tatu walikuwa wanaume watano na bunduki, wanachoma mahindi kando ya njia. Sikujua ni wa kundi gani, na huko mtu haulizi. Wakatushusha wote, wakatupanga. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa anatetemeka hadi mtoto wake mgongoni akaamka.

Mmoja akanijia, kijana, macho mekundu. "Unaitwa nani?"

Karatasi ya kochi ilikuwa mkononi mwangu pamoja na karte yako. Ulimi wangu ukasema Tuliza. Akatazama karatasi, akatazama karte yako, akanitazama mimi. Picha imefifia, na sisi wote wembamba, wote nywele za kusuka. Akakubali. Kisha akauchukua mfuko wangu na kuumwaga chini. Jezi, sabuni, viatu. Akakitikisa kiatu cha kulia, karte yangu ikadondoka kwenye vumbi.

"Na huyu Solange njo nani?"

 Nilisikia mtu nyuma yangu akianza kusali. Na nikajibu, sauti yangu mwenyewe hata sikuitambua: "Ni dada yangu. Ameshakufa."

Akaigeuzageuza karte yangu. Hindi moja lilipasuka motoni, nikaruka. Mwisho akasema: "Muntu moya, karte moya. Karte ya maiti haina kazi." Akaitupa yangu ndani ya moto wao. Nilisimama pale nikatazama uso wangu unajikunja. Kisha akanirudishia yako, akasema nipande.

 Nilikuwa nimejiua mwenyewe kwa mdomo wangu, na wewe ulikuwa mfukoni mwangu, mzima, una karatasi zote.

Goma ikawa rahisi, na urahisi wake ndio ulinitisha. Mama mmoja mwenye kalamu kwenye lango la uwanja akachukua karte, akasoma, akatia alama. "Tuliza, ingia." Basi. Wasichana wakaniita Tuliza. Nilikuwa nachelewa kugeuka, wakadhani nina maringo. Wa Bukavu mmoja akaniambia: "Wee Tuliza, uko na masikio ao hapana?" Nilicheza vizuri, sikujificha. Siku ya kwanza nilifunga, siku ya pili nikafunga tena. Kila nikifunga nilijiambia kwamba wameniita mimi kweli, jina ni nguo tu, nguo tumezoea kubadilishana. Lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nasubiri wakati wowote mtu wa Masisi atokee langoni aseme, huyo tulimzika.

Hakutokea mtu wa Masisi. Alitokea mteuzi mwenyewe, yule mzee mfupi wa kofia nyeupe. Jumatano, kabla ya kusoma majina ya mwisho, akaniita pembeni. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa. Akaweka mpira chini.

"Piga na ya kushoto. Kama siku ile ya Kitshanga."

Nikapiga. Unaujua mguu wangu wa kushoto, wewe uliyesema ni wa kupandia kitanda tu. Mpira ukaenda kule kwenye maji machafu ya mvua.

Akasema polepole, bila hasira: "Hapana. Ule mutoto alikuwa anakata mupira na kushoto, kutoka pembeni. Beki yote ilikuwa inaanguka. Niliandika jina yake mbele ya mapumziko kufika."

Nikamwuliza, na kipindi cha pili? Akasema: "Kipindi ya pili sikuona. Shofere alikuwa anaogopa njia, tulirudia Goma."

Umesikia, Tuliza? Hakuona hata bao langu moja. Alikuona wewe. Wewe na goti lako bovu, wewe ambaye siku ile hukufunga na ukalia pale benchi ukisema umeharibu kila kitu.

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi nikalia, kilio ambacho sikukulilia kwenye matanga, kile cha kamasi na kukosa pumzi. Nikamwambia yote: risasi, jezi, kizuizi, moto. Akavua kofia yake. Kisha akaniuliza: "Na wewe, unaitwa nani?"

Nilipolisema jina langu, lilitoka kana kwamba sijalitumia miaka.

Hakunichukua. Alisema hawezi kuniweka mahali alipompa mtu mwingine, na bila karte hakuna ndege. Alisema nimecheza vizuri, niende nikatafute karatasi zangu, na watakapoita tena nije kwa jina langu anitazame upya. Nafasi yako akapewa yule wa Bukavu. Alhamisi ndege ikapita juu ya vichwa vyetu nikiwa kwenye kituo cha malori, na nakuambia ukweli, niliumia. Bado naumia. Njia ya mwongo ni fupi, sawa, lakini hakuna anayekuambia kwamba na ya mkweli wakati mwingine inakurudisha nyumbani mikono mitupu.

Tulipopita pale kwenye kizuizi, wale wanaume hawakuwepo tena. Palibaki majivu na magunzi.

Mama yako nilimkuta anapepeta maharagwe. Nikamwekea karte yako mkononi, nikamwambia kwamba hawatalisoma jina lako tena. Akainamisha kichwa. Ndipo nikamwambia kuhusu kipindi cha kwanza na mguu wa kushoto. Akaniuliza: "Alimuona yeye? Yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo, Mama. Akanifanya nirudie mara tatu. Sasa kila anayepita kuomba chumvi anahadithiwa, na kila mara beki walioanguka wanaongezeka. Jana walikuwa sita.

Nisamehe kwa lile wazo la dukani. Hukuninyang'anya kitu.

Jezi nimeifua, nimemrudishia kochi, sitaivaa mimi. Nimemwomba namba nane, ile iliyopasuka kwapani, naishona mwenyewe. Nimeandikisha jina langu ofisini kwa karte nyingine; wanasema subiri, na mimi nasubiri. Na kila asubuhi, kama njia iko salama, nakwenda uwanjani kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Jana kati ya kumi, mmoja ulipinda kama wako. Mmoja tu. Usicheke.

Lala sasa, mwenzangu. Nakuahidi: siku watakayosoma Solange redioni, nitakwenda kama Solange. Na yule mzee akiniwekea mpira chini na kuniambia nipige na ya kushoto, nitapiga.

Wako, namba nane,
Solange