Begi la Vitabu Mbele ya Seneta

Marling,
9 Februari.

Mpendwa kaka Royce,

Pokea salamu zetu, tena za moto, maana baridi ya huko Alaska haina adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Mwanangu Wendell anatembea bila mkongojo sasa, ila maneno bado humtoka polepole.

Ulisikia kwamba aliugua; sikukuambia yote. Wakubwa wa chama chake cha chuoni, kile cha vijana wanaoitana ndugu, walimpa chupa ya wiski, wakamwambia hawi ndugu yao mpaka aimalize. Alipozirai wakamvika mgongoni begi lililojaa vitabu, eti asigeuke chali akapaliwa na matapishi. Wakaenda kulala. Ndiyo desturi yao, na waliiona huruma! Hakuna aliyepiga simu, kila mmoja akihofia polisi; hadi asubuhi ubongo wake ulikuwa umeumia kwa kukosa hewa.

Jimbo letu linatoza faini tu kwa kosa hilo, kaka. Ndiyo maana tumepeleka muswada kwenye bunge la jimbo: anayemlazimisha mwenzake kunywa afungwe, na anayepiga simu kuomba msaada asiguswe.

Nilikwenda mbele ya kamati ya maseneta na begi lenyewe. Seneta Tibbetts, aliyekuwa wa chama hichohicho cha chuoni zamani, akaniambia, "Mama, huo mchezo wa vijana tu. Hata mimi nilipitia, na unaniona nimesimama imara."

Nikamjibu, "Umeketi, mheshimiwa. Mwanangu kusimama kumemchukua mwaka mzima."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Nikamwekea begi mezani. "Livae, ulale kifudifudi, kisha uniambie kama huu ni udugu." Hakulivaa.

Baadaye akanifuata ukumbini, akasema tukiondoa adhabu ya kifungo, atatuunga mkono. Nilisali moyoni, nikakataa. Alipiga kura ya hapana, lakini wenzake wakamzidi. Mungu si Tibbetts.

Alhamisi muswada unaingia kamati ya baraza la pili la bunge, lile la wawakilishi, na Wendell anataka kusema mwenyewe. Karani ameniambia kila shahidi ana dakika tatu. Nikamwambia, "Binti yangu, za mwanangu hazitatosha, na hatutaondoka hajamaliza." Akanitazama, akaliandika jina la Wendell mwishoni kabisa mwa orodha, asije akakatizwa na anayefuata.

Msalimie wifi Jolene na Marlys wenu. Shemeji yako Vernon anasema samaki uliyemtumia alimla peke yake, wala hajutii. Bwana awafunike kwa mkono wake, na Alhamisi mtuombee.

Dada yako akupendaye siku zote,
Arlys