Sauti ya Binti wa Miaka Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Miaka hamsini na miwili, magoti yanalia kama bawaba kavu, na leo nimekuwa binti wa miaka kumi na sita. Filamu ya mapenzi ya wanafunzi, ya kuchekesha. Sisi tunaiingizia sauti za Kiswahili. Sawa, kazi ni kazi. Naingia studio – nani amekalia kiti cha pili, anapuliza chai? Mtalaka wangu! Yeye ndiye sauti ya mvulana. Nimpe maneno ya mahaba huyo? Yarabi!

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mwongozaji – msichana ambaye ningeweza kumzaa – hadithi haina kitu. Dakika ya tano tu unajua watapendana. Akacheka. Eti mama, hakuna anayekuja kuona kama watapendana. Watu wanakuja kuona watakavyojiaibisha kabla ya kukubali. Utamu uko kwenye kuchelewa. Mimi na huyu bwana tulioana ndani ya miezi mitatu. Ndiyo maana hatukudumu!

Alhamisi, 6 Machi

Leo onyesho la ugomvi wa maktabani. Tumelirudia mara kumi na moja! Nimemkaripia hadi koo limekauka. Mwongozaji hataki: hiyo ni hasira ya mtu anayetaka kuondoka, na ugomvi unaochekesha ni wa watu wasiotaka kuachana. Mara ya kumi na mbili, bwana akapandisha sauti ya kivulana, ikampasuka kama jogoo anayejifunza kuwika. Nikacheka hadi machozi. Mwongozaji akaruka: “Hiyo! Ndiyo wanayoilipia tiketi!” Nimejichukia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika chooni pa studio, nimekaa juu ya mfuniko. Onyesho la mwisho. Mvulana hakutokea kwenye dansi, anaomba radhi. Karatasi inasema: “Nisamehe, sikuja siku ile.” Bwana akaisema. Kisha, kwa sauti ileile ya kitoto, akaongeza: “Mama yako alinipenda. Nilipaswa kuja kumzika.”

Hayo hayamo kwenye karatasi.

Mama alifariki miaka kumi iliyopita. Huyu alikuwa safarini; hakurudi, hakupiga hata simu. Nilifungasha virago wiki ileile, nikaondoka. Muongo mzima sijaambiwa samahani, leo naletewa na mvulana wa miaka kumi na sita! Mwenye mvi zake alishindwa?

Mwongozaji anagonga. Taratibu. Eti mvulana amemaliza, sasa ni zamu ya msichana.

Kwenye karatasi, msichana anacheka, anamkumbatia. Rahisi hivyo!

Nimeuliza kama bwana ameshaondoka. Hapana, bado amesimama mbele ya kipaza sauti. Nimenawa uso mara mbili. Anagonga tena – nakuja, jamani, nakuja –