Miche Miwili ya Shemeji Fondo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimefunga cherehani. Sare za shule zimekwisha, wazazi wamenisumbua Januari nzima, sasa basi! Wiki mbili hizi ni zangu mimi na jua.

Na jua lenyewe! Asubuhi nimetoa magodoro, mito, mashuka, nikaanika uani mpaka yakanukia. Nimekaa kwenye kibanda changu cha makuti, kichwa kivulini, miguu juani, nikala papai zima peke yangu. Hakuna wa kuniuliza chakula kiko wapi. Mchicha umestawi, mabamia yametoa maua, migomba imeinama kwa mikungu. Mto umerudi mahali pake, na tope tulilolilaani wakati wa mafuriko ndilo sasa linalotulisha.

Majirani wanalalamika joto. Hawa hawa! Mwaka jana walikuwa kwenye mahema wakilia kwamba jua limepotea. Mtu wa Garsen hata umpeleke peponi atauliza feni iko wapi.

Jumanne, 4 Februari

Mgeni. Shemeji Fondo, mdogo wake marehemu mume wangu Masha. Kashuka kutoka Malindi na begi kubwa kuliko hizo siku chache anazosema. Amekuja kupumzisha mwili, ati. Mwili uliochoshwa na nini? Miaka yote amekuwa mlinzi wa geti la hoteli, kazi ya kukaa kitini na kusema jambo.

Maji yalipotufika magotini nilimpigia simu. Mtandao mbaya, akasema. Masha alipougua — mtandao mbaya. Matanga alikuja, akala, akaondoka na mguu wa mbuzi. Leo mtandao umeshika.

Nimempikia. Sikufunzwa kumfukuza mgeni.

Alhamisi, 6 Februari

Anaota jua! Mzee mzima, kavua shati, kajilaza kwenye mkeka katikati ya uwanja, tumbo juu. Ananieleza kwamba wazungu hulipa pesa nyingi kwa jua kama hili. Nikamwambia basi awaite. Saa nne jua likaanza kumchoma, akavuta mkeka kidogo. Saa tano akauvuta tena. Saa sita mkeka umefika ndani ya kibanda changu, yeye yuko kwenye nafasi yangu, na mimi nimesimama nje kama niliyekuja kuomba maji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimempa. Akalitazama, akaniuliza ni la nani.

Jioni alitembea bustanini mikono nyuma. Migomba hii ikatwe, anasema, hapa pawe wazi. Bustani yetu inataka mpango. Yetu! Mwanaarusi, jirani yangu mzaliwa wa Kipini, alikuwa kwenye ua akasikia. Akaniita pembeni. "Shoga, huyu hakuja kuota jua. Huyu yuwaja kuota mizizi."

Nikacheka. Fondo hana nguvu hata ya kuota ukucha.

Ijumaa, 7 Februari

Sicheki tena.

Nimerudi sokoni nikakuta boda boda anashusha mzigo. Nazi mbili zilizoota, majani yamefika gotini mwangu. Fondo kazipokea kwa mikono miwili. Akaniambia kwa sauti ya msibani:

"Mama Sidi, nipe ruhusa nipande miche miwili tu. Kwa kumbukumbu ya ndugu yangu."

Nani hupanda mnazi Februari? Ardhi imekauka, masika yako mbali. Nikamuuliza nani atamwagilia. Mimi mwenyewe, anasema. Yeye! Tangu aje hajabeba hata kopo la maji ya kuoga, namtilia mimi.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mimi ni Mgiriama, sikuzaliwa jana. Mgomba na mpapai ni vitu vya kupita, havina neno. Mnazi una neno. Aliyepanda mnazi ana sauti juu ya shamba, na watoto wake baada yake. Hapa kwetu hakuna hati, mimi na Masha tulifyeka kichaka kwa panga. Kila mwaka alisema minazi tutapanda mwakani. Mwakani, mwakani, mpaka akafa. Mtoto wetu ni Sidi peke yake, msichana, na watu kama Fondo humhesabu msichana kuwa ni mgeni wa nyumbani kwao.

Na kuna lingine. Wazee wa ukoo wanakuja Jumatano, anasema, kuniombea dua mimi mjane. Mzee Gunga mwenyewe, mkubwa wa ukoo wao, anawaongoza. Kwa hiyo Jumatano wazee wataikuta minazi ya Fondo imesimama kwenye udongo wangu, imemwagiliwa kwa maji yangu, na mimi nikiwapa chai. Kwisha! Nitalala kwa nani?

Nikamwambia sawa, shemeji, chimba. Kuchimba si kupanda.

Jumapili, 9 Februari

Sidi amepiga simu kutoka Mombasa. Anasema mama wachana nao, njoo ukae na sisi. Kule nyumba iko ghorofa ya nne. Nguo wanaanika dirishani, dania wanapanda ndani ya kopo la rangi, halafu mkwe wangu ananiita nione bustani. Asante! Nimemwambia jua langu liko huku.

Baada ya kukata simu nililia kidogo. Nimekasirika, hasa kwa sababu naogopa. Bustani hii ndiyo kitu pekee ninachokiamkia kwa furaha.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimestarehe!

Fondo ameomba jembe. Yeye mwenyewe! Akaanza saa tatu, jua likiwa tayari kali. Juu ni udongo laini, lakini chini kuna ule wa mfinyanzi, ukikauka ni jiwe. Mimi nikarudi kibandani kwangu, nafasi imebaki wazi, nikanyoosha miguu. Mwanaarusi akaja na birika ya chai ya tangawizi. Tukakaa.

Kila Fondo aliposimama nilimpa moyo. Shimo la mnazi halitaki haraka, shemeji. Ongeza kina. Ongeza upana, mizizi ipumue. Akachimba, akatoka malengelenge viganjani, akavua shati, akalivaa tena. Wazungu hulipa pesa nyingi kwa jua hili, Mwanaarusi akamkumbusha, maana nilikuwa nimemsimulia. Akainamia jembe.

Jioni mashimo mawili, mazuri ajabu, mtu angeweza kusimama ndani mpaka kiunoni. Masha mwenyewe asingechimba vile. Fondo hakuweza kushika kijiko. Akaiweka miche kivulini, akasema atapanda Jumatano mbele ya wazee, wote washuhudie.

Washuhudie! Shukrani kwa kiburi chake. Angepanda leo, ningefanya nini?

Jumatano, 12 Februari

Naandika haraka, nimeingia jikoni kutafuta sahani.

Asubuhi Fondo alivaa shati jeupe, akaenda stejini kuwapokea wazee. Alipopotea tu barabarani nilichukua panga. Mche wa kwanza nikaukata majani, nikapasua nazi. Ndani joya tupu, ule moyo wa nazi iliyoota! Limejaa, jeupe, laini, tamu — utotoni tulipigana kwa ajili ya joya, na wazazi walitupiga kwa kuharibu miche. Leo hakuna mzazi. Nikapasua wa pili. Nikamwita Mwanaarusi. Tukala tumekaa kwenye mkeka, jua la asubuhi mgongoni, na naapa sijala kitu kitamu hivi tangu Masha afe.

Wakaingia. Mzee Gunga mbele na fimbo yake, wazee wawili nyuma, Fondo akiwaonyesha njia kana kwamba wangepotea. Akaenda moja kwa moja kwenye mashimo. Akazunguka kibanda. Akazunguka nyumba. Mwisho akaona makumbi ya nazi miguuni pangu.

"Mama Sidi, miche iko wapi?"

Nikasimama, nikawaamkia wazee kwanza, mmoja mmoja. Kisha nikamsogezea Mzee Gunga sahani kwa mikono miwili. Nikasema shemeji ameniletea nazi za kula, na akanichimbia mashimo bila malipo, Mungu ambariki. Masika yakianza nitapanda minazi yangu na binti yangu Sidi.

Fondo akaanza kupiga kelele. Mila, ukoo, damu ya ndugu yangu. Mzee Gunga alimwacha aseme. Alikuwa anaitazama sahani. Akachukua kipande, akatafuna polepole, hana meno mengi. Akasema mazungumzo ni baada ya kula.

Sijui atasema nini. Fondo ni mtoto wa nyumba yao, mimi niliolewa tu. Nimechungulia dirishani sasa hivi. Wazee wameketi kibandani. Mzee Gunga ameomba kipande cha pili, ndiyo sahani hii ninayopeleka. Fondo bado amesimama juani, na hakuna aliyemwambia akae.