Punje ya Saba

Lukumani mwanangu,

Wali iko ndani ya chungu, nimefunika na jani. Mbuzi amekwisha kunywa. Usitutafute kisimani. Nimemupeleka Feza muke wako kwao, maana damu ya kichwa ilikataa kukauka.

Asubuhi ulipanga punje za mahindi hapa mezani, moja kwa kila zambi, usisahau hata moja leo mbele ya padri. Nikafurahi. Halafu ukashika ya saba: "Hii ya Feza. Ananijibu vibaya."

Feza akacheka. "Basi nipe, bwana, niipeleke mwenyewe!"

Kwa neno hilo tu ukafungua mukanda wa bunduki, ukamupiga kwa chuma cha huo mukanda mpaka akaanguka juu ya mafiga. Nilipokushika, ukanisukuma ukutani, mimi niliyekuzaa.

Sikia. Mutu anaungama zambi zake, haungami za muke wake. Na ile moja unayoificha inaharibu zote ulizozitaja. Nilikufundisha hayo kabla hujavaa kofia ya askari.

Niliandika hapa "jioni uje kumuchukua," nimefuta. Usije kwanza! Ndugu zake wakiona kile kichwa, watashika panga, na wewe utakwenda na bunduki. Nitazika nani?

Punje ya Feza nimewatupia kuku. Mahali pake nimeweka ingine, niliyookota pale alipoanguka, iko na damu. Ndiyo ya saba yako. Ianze hiyo.

Padri hataniambia umesema nini. Mimi nitaangalia mukono wako.

Mama yako