Njano ya Msiba

Leksand, Septemba 1911

Kwako binti yangu Margit,

Salamu zikufikie huko Minnesota, wewe na mumeo. Natumaini mnakula na mnalala. Sisi wazima. Miguu yanisumbua, lakini ng'ombe wanakamuliwa.

Barua yako imefika. Miaka minne kimya, halafu unauliza nani kafa. Hajafa mtu. Baba yako yuko ghalani, anaimba vibaya kama kawaida yake.

Unasema umeniona kwenye kadi ya rangi, kwa mke wa mchungaji wenu, nimekaa kitini na aproni ya njano. Ndiyo, ni mimi. Mchoraji wa Stockholm alipanga hapa majira ya joto ya mwaka jana, akanikalisha siku nzima nzima, nisishike hata sindano. Rangi zake za mafuta zilinuka mpaka siagi ikanuka. Nikipepesa jicho ananiambia, mama, tulia. Nikamjibu kinachotulia ni jiwe, akachore mawe.

Alitaka nivae aproni nyekundu ya sikukuu. Nikavaa ya njano. Akafurahi, eti inawaka kama taa. Watu wa mjini hao, wataona nini? Lakini jirani yetu Kersti alipochungulia dirishani hakuhitaji kuambiwa. Akaniuliza, Anna wee, mumeo nimemwacha anakata nyasi na mluzi mdomoni, sasa hiyo njano ya msiba unamvalia nani? Nikamwambia mbuzi wake wamo kwenye kabichi, aende.

Yeye sikumwambia, wala baba yako. Wewe nakwambia. Nilikuvalia wewe. Mtoto asiyeandika miaka yote hiyo nilimhesabu yuko ardhini, na kaburi la kwenda kukaa kando yake sikuwa nalo. Nikakaa kwenye kile kiti. Watu wanayasifu macho yale ya pichani, wanasema ni ufundi wa mchoraji. Ufundi gani? Nilikuwa nakuzika.

Kumbe u mzima, unakaanga samaki. Ungekuwa karibu ningekuchapa, kisha ningekushika nisikuachie.

Tena pembeni mwa karatasi, kama mtu anayetaja ndama, unasema umezaa binti. Jina hukuandika. Mama gani huyo? Kila jioni namwombea "yule mdogo wa Margit," na Mungu ana wadogo wengi. Niandikie jina lake.

Baba yako anakusalimu. Ameingia sasa hivi, anauliza kwa nini nalia. Nimemwambia ni moshi.

Ni mimi mama yako,
Anna wa Hol