Mawe ya Baba Aika

Kwa Ambrosi Kessy, aliyetutoka tarehe 14 Agosti 1999

Baba Aika, mwaka umetimia tangu tukulaze kihambani kwetu Kibosho, chini ya migomba, na bado nakutengea bakuli la mtori wa ndizi mezani halafu ndiyo nakumbuka. Malaria ya siku nne tu. Wewe uliyewauguza watu miaka ishirini na miwili hukutupa nafasi ya kukuuguza vizuri.

Ulikuwa fundi wa plasta hospitalini, wa kufunga mifupa iliyovunjika. Ulirudi nyumbani na vumbi jeupe kichwani kama mtu wa mashine ya unga. Mabinti wadogo waliovunjika mikono uliwaita wakwe zako, ukawachekesha huku unawafunga.

Miaka ile UKIMWI ulipojaza wodi, wagonjwa wawili wawili kitanda kimoja, waliovunjika miguu walilala sakafuni. Wengine walitoroka kwa hofu, wakapona wamepinda. Wewe ukasema kama kitanda hospitalini hakuna, nyumbani kipo. Ukawaomba madaktari ruhusa, ukaanza kuwafuata wagonjwa migombani, Kibosho mpaka Uru. Uzito wa kuvuta mguu ili mfupa uunge umenyooka uliutengeneza kwa mawe ya mtoni ndani ya mfuko wa gunia, ukaupima kwenye mizani ya kahawa ya chama cha ushirika, ukauning'iniza kwa kamba miguuni mwa kitanda. Kila mama ulimwonya: "Ukimhurumia ukatoa mawe, atachechemea maisha yake yote."

Na mimi nilikusikia.

Mwaka 1995 Aika wetu alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika paja. Alikuwa na miaka kumi. Ulimfungia mawe kwa mkono wako mwenyewe. Wiki hiyohiyo basi likapinduka, majeruhi wakajaa, ukabaki hospitalini karibu wiki tatu kuwasaidia madaktari kupanga nani aanze kupasuliwa, nani asubiri, nani arudishwe nyumbani na mawe yake. Huku mtoto analia, Baba Aika. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikawa nayatoa mawe asubuhi, nayarudisha jioni nikiogopa utatokea.

Uliporudi uliangalia fundo kabla hujamwangalia mtoto. Lilikuwa fundo langu lile la kufungia majani ya ng'ombe. Ukapima miguu yote miwili, ukalifungua, ukalifunga upya. Ukanawa mikono. Ukaomba chai.

Mfupa ulikuwa umeshashika vibaya. Aika alipoanza kutembea akichechemea, watu wakasema fundi kashindwa hata na mwanawe. Familia tatu zikafungua mawe, zikarudisha wagonjwa wao kwenye ile sakafu ya wodi. Ndipo ulipokwenda kwenye mizani siku ya kuuza kahawa, kijiji kizima kikiwepo, ukasema: "Mawe hayana kosa. Ni mimi niliyekosea kupima."

Nilikuwa nyuma yako na debe langu la kahawa. Zamu yangu ilipofika, nikalipandisha kwenye mizani.

Zile familia zilikubali tena, wagonjwa wao wakapona wamenyooka. Wewe miaka minne ukapima kila mfuko mara mbili mbele ya watu, kama mtu aliyekosa kweli. Kaka zangu walikutania kwenye pombe ya mbege kwamba hujui kusoma mizani, ukacheka nao. Mimi ndiye niliyekuwa nawamiminia. Ee Mungu wangu, nilikuwa nawamiminia.

Juzi nimemweleza Aika. Akaniuliza, "Kwa nini hukumwambia baba akiwa hai?"

Kwa hiyo naandika hapa, wasome wote waliokusikia siku ile ya mizani. Hukukosea. Ulipima sawasawa. Mawe niliyatoa mimi, na wewe ulilijua hilo tangu siku ya kwanza. Nisamehe.

Misa ya kukuombea ni Jumatatu asubuhi, parokiani. Tunaokulilia ni mimi mkeo Salvina, wanao Denis na Aika, dada yako Redempta wa Pasua, na wote uliowafunga wakasimama tena. Hutatutoka moyoni, Baba Aika, kamwe.