Mabawa ya Kijani ya Chumba cha Mtoto

Galway, 9 Februari

Baba,

Shikamoo. Masikio yako je, mashine ya randa haijayamaliza kabisa? Ningepiga simu, lakini ungesikia nusu, na nusu nyingine ungeitunga mwenyewe. Sisi wazima. Tena zaidi ya wazima: tumenunua nyumba, na mwezi wa sita utakuwa babu! Haya, kaa chini kwanza.

Najua kadi mbili za Krismasi kwa miaka mitano si kitu. Na sijasahau ulivyoapa pale gatini, Komiža nzima ikisikia: "Ukipanda feri hiyo, mimi sitakufuata." Sikuombi unifuate. Naomba kazi ya mikono yako tu.

Chumba cha mtoto kinatazamana na kituo cha basi. Watu wanangoja basi huku wakinihesabia soksi ninazokunja! Mume wangu Cormac anasema tuweke pazia. Pazia, Baba! Nataka mabawa ya dirisha ya kwetu, ya mbao, ya kijani, yenye vibao na kijiti cha kuviinamisha, niwaone watu wasinione, kama Shangazi Lukrija. Nimepima dirisha kwa nje kwa ufito, nikaukata sawa na upana wake, kama ulivyonifundisha. Umo kwenye kifurushi, pamoja na picha ya nyumba niliyoipiga nikiwa barabarani.

Mwanao,
Vinka

Komiža, 27 Februari

Mwanangu Vinka,

Marahaba. Mimi mzima, masikio yamekufa, mikono ingali hai. Babu! Nilimnong'oneza Lukrija asubuhi, kufika mchana padri akanipongeza barabarani. Nimenunulia mkahawa mzima mvinyo, hata yule Tadija nisiyesema naye.

Mbao ninazo. Ule msonobari wa darini umekauka miaka tisa sasa. Niliuweka kwa ajili ya nyumba yako, nikidhani ungejenga hapa. Basi.

Nitumie na ufito wa upana wa ndani. Kuta za huko sizijui, nataka kuzielewa.

Desturi unaijua. Seremala haachi mabawa mlangoni kama gazeti. Huyatundika mwenyewe, mama mwenye nyumba huyafungua mara ya kwanza, halafu seremala analishwa fritule, vitumbua vyetu vya zabibu, mpaka ashindwe kuinama. Lakini niliapa mbele za watu, na kisiwa hiki hakisahau. Yatakuja kwa lori.

Baba yako

Galway, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Ufito wa ndani huo hapo. Mtoto anapiga teke kama anagonga patasi! Cormac ameshapaka chumba rangi nyeupe, kila jioni anauliza, "Mabawa yamefika?" kana kwamba yanaruka yenyewe.

Lori ni sawa. Kama umeamua, ni sawa.

Vinka wako

Komiža, 24 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo? Yamekwisha! Vibao thelathini na sita, kila kimoja nimekipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu. Ukigusa kijiti, vyote vinainama pamoja, havikwami hata kimoja. Rangi ni ile ile ya nyumba ya mama yako. Lukrija alikuja kuyachungulia, akayagusa kabla hayajakauka, sasa kidole chake kimoja ni cha kijani na anakitembeza mjini kama pete ya uchumba.

Jana nimeyapakia kwenye lori. Nililisindikiza mpaka kwenye feri. Sijui kwa nini nilipunga mkono, nilikuwa napungia mbao.

Baba yako

Galway, 11 Mei

Baba, Baba, Baba!

Shikamoo. Yamefika, ni mazuri mpaka nimelia, na tumepata balaa. Cormac alipanda ngazi kuyatundika. Nikaenda kufungua dirisha nimpe nyundo, dirisha likaligonga bawa, pa! Nusura mume wangu aanguke. Madirisha ya huku hayafungukii ndani kama ya kwetu. Yanafungukia nje! Nikifunga mabawa, dirisha halifunguki. Nikifungua dirisha, mabawa hayafungiki. Halafu yamepungua upana kwa kidole kizima, nikashangaa, maana wewe hukosei.

Kuna seremala wa mtaani anasema tusihangaike. Atayapigilia misumari ukutani, moja huku, moja kule, yawe pambo. Anasema watu wengi hufanya hivyo. Atakuja Ijumaa ya wiki ijayo.

Vinka

Komiža, 16 Mei

Vinka,

PAMBO? Mabawa yasiyofungika? Mwambie huyo mtu aweke nyundo chini, na wewe ukae mlangoni na tumbo lako umzuie. Nakuja. Kisiwa kiseme kinachotaka. Kaanga fritule.

Baba

Galway, 2 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo babu wa Perina! Umefika salama? Mgongo umepoa? Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Cormac bado anasimulia kazini ulivyoshuka basi pale pale mbele ya dirisha na sanduku la vyombo begani, ukapiga kelele "Yuko wapi mwenye misumari?" kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Ndani ya saa mbili mabawa yalikuwa yametundikwa upande wa ndani, yamekaa kama yamezaliwa humo. Nilipoyafungua mara ya kwanza, ulijifanya umeingiwa na vumbi la mbao jichoni. Siku kumi na moja baadaye ukamshika Perina.

Sasa nina dhambi ya kuungama. Huyo seremala wa misumari hayupo. Nilimtunga. Na kwamba madirisha yanafungukia nje nilijua tangu siku tuliyokuja kuikagua nyumba. Nilinyamaza makusudi. Sikuweza kukuomba uje, baada ya yale ya gatini. Nilijua kiapo hutakivunja kwa ajili yangu, ila kwa ajili ya kazi yako utakivunja.

Nisamehe, Baba.
Vinka wako

Komiža, 13 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma vizuri.

Itazame tena ile picha uliyoniletea Februari. Dirisha lako limefungwa, ulijitahidi. Lakini pembeni, dirisha la jirani liko wazi, limetokeza barabarani kama ulimi. Miaka arobaini na minne natengeneza mabawa, Vinka. Ulidhani ufito wa ndani niliuomba wa nini? Ulidhani kidole kizima kilipotea wapi? Kwangua kidogo rangi kwenye ukingo, karibu na bawaba. Mashimo ya bawaba za nje nilizokutumia niliyatoboa mwishoni. Ya bawaba za ndani niliyatoboa Machi, nikayaziba kwa vijiti vya mbao, nikayapaka rangi juu; mabaki ya vijiti utayaona. Bawaba zenyewe zilikuwa mfukoni mwangu muda wote, nikingoja uniite.

Tunafanana, na mama yako angetuchapa sote wawili.

Mbusu Perina. Siku nyingine usihangaike na dirisha. Andika tu, "Baba, njoo," nami nitakuja.

Baba yako